Madam Hakugusa Pesa ya Injini

Hapana, hapo umekosea, na nitakuambia mbele ya hawa watu wote. Ati Madam alishindwa na biashara. Ati mama wa Machakos alijifanya tajiri, akanunua jeti, jeti ikamrudisha shamba. Unaongea hivyo juu umesikia kinyozi akiongea hivyo, na kinyozi alisikia kwa mtu wa boda. Mimi nilikaa na huyo mama miaka sita, meza yangu ikiangalia yake. Kaa chini. Sitapiga kelele. Kutopiga kelele ni yeye alinifunza, na ilimchukua miaka yote sita.

Wewe ukisikia jeti unaona kiti cha ngozi na glasi ya mvinyo. Yeye alikuwa anaona mdomo wa kulishwa. Ilikuwa jeti ndogo, abiria saba, imetumika na wazungu huko kwao kabla ifike kwake. Aliinunua na mkopo na ploti mbili za marehemu bwanake. Inalala Nairobi kwa hanga, na hanga ni ya kulipia. Bima ni ya kulipia, iruke isiruke. Marubani wawili, mshahara kila mwezi, iruke isiruke. Hao marubani kila mwaka lazima waende ng'ambo waingie kwa mashine ya kuigiza kuruka, wazimiwe injini ya uongo wakiwa hewani ya uongo, waonyeshe watafanya nini, na safari yao na hoteli yao yote ni Madam. Fundi naye ako na kalenda. Siku yake ikifika anafungua ndege anaangalia, hata kama haijatoka kwa hanga tangu mara ya mwisho. Na karibu vyote hivyo ni dola. Mteja wa hapa analipa shilingi. Dola ikisonga kidogo Madam alikuwa anajua kabla ya chai.

"Hii kitu inakula ikiwa imelala," alikuwa anasema. "Ikiamka ndio inakula vizuri."

Na bado sijafika kwa pesa ya injini. Hiyo ndiyo maneno yote, kwa hivyo nisikize hapo. Injini ya ndege iko na masaa yake. Masaa yakiisha inatolewa, inapelekwa ng'ambo, inafunguliwa yote mpaka msumari ya mwisho, na bei ya hiyo kazi inaweza kununua nyumba. Hakuna mtu anaamka asubuhi na hiyo pesa mfukoni. Kwa hivyo kila saa moja ndege ikiruka, unatoa kitu unaweka kando. Mteja amelipa, mafuta imetoka, ada ya kutua imetoka, na kabla uguse chochote, pesa ya injini inaenda kwa akaunti yake peke yake. Sheria haikulazimishi kuiweka hivyo. Ni wewe na roho yako. Na ndio maana watu wengi wa hii kazi wanaikula. Injini haipigi simu kuuliza pesa yake iko wapi.

Nilikutana na yeye Tala, siku ya soko. Nilikuwa nauza viatu za mtumba, na nilikuwa najiona mjanja sana. Akachukua raba moja nyeupe, akanipigania bei mpaka nikaanza kupandisha sauti. Hakujali. Akaniuliza, "Hii ulinunua ngapi?" Nikadanganya. "Na nauli ya gunia? Na ushuru wa kaunti? Na hizi ulirudi nazo wiki jana juu hazikununuliwa, hizo nani analipia?"

Nikamwambia, "Mathe, nunua ama wacha."

"Nitanunua. Lakini wewe umeuza hasara asubuhi yote na unaimba."

Nilikasirika. Nikafunga mapema, nikaenda nyuma ya duka ya simiti nikapiga hesabu kwa kadibodi. Alikuwa sawa. Wiki iliyofuata akarudi, nikamuuliza anafanya kazi gani yeye, anajua hesabu hivyo. Akasema, "Niko na ndege." Nikacheka mpaka jirani yangu wa sufuria akacheka bila kujua tunacheka nini. Madam akangoja tumalize. Akaniambia, "Kuja Machakos Jumatatu. Vaa viatu."

Ofisi ilikuwa Machakos mjini, juu ya duka ya dawa za mifugo. Ukipanda ngazi unanusa chakula ya kuku na dawa ya kupe. Wateja wakubwa wakija mara ya kwanza walikuwa wanasimama kwa mlango wanaangalia ngazi, wanaangalia simu, wanadhani wamepotea. Nilimwambia tuhamie Nairobi, tuweke vioo na msichana wa mapokezi. Akaniuliza, "Kuna mteja anaruka akiwa amekalia ofisi?" Mambo yakaishia hapo. Lakini usidhani alikuwa mchoyo. Alikuwa anakata karatasi ya choo kwa hesabu, ndio. Chai ya ofisi majani ilikuwa inapikwa mara mbili, ndio. Halafu marubani wakilala nje anawalipia hoteli nzuri, kila mmoja chumba chake, pazia nzito. Nilimuuliza mbona, sisi tunakunywa maji ya rangi. Akasema chai mbaya haijawahi kuangusha mtu.

Na kitu ingine utacheka: alikuwa anaogopa kuruka. Mwenye ndege! Akiwa na mkutano Mombasa anapanda basi. Nilimpata siku moja kwa hanga ameshika bawa na kiganja, vile mtu anashika ng'ombe ya maziwa, nikamwambia, "Madam, si uingie leo, inaenda Kisumu na viti nne tupu." Akatoa mkono haraka. "Kiti changu ni cha kuuza," akasema. Kapteni, yule rubani mkubwa, akaninong'onezea, "Wacha uongo wake. Alipanda mara moja akashika mkono yangu mpaka nikashindwa kushika usukani." Mpaka leo sijui gani ni ukweli. Labda zote.

Mimi hiyo kazi sikusomea. Nilisoma kwa simu, kila siku, mpaka macho ikauma. Nikajua upepo, nikajua vibali, nikajua uwanja gani uko na taa na gani hauna. Na ile kitu niliipenda zaidi ni kurudi tupu. Sikiza: mteja anakodisha ndege impeleke mahali, anashuka, ndege inarudi bila mtu. Ile safari ya kurudi inachoma mafuta sawa na ya kwenda. Ukipata mtu wa kukalia hivyo viti, hata kwa nusu bei, umeokota. Nilikuwa nawinda hao watu kama mwenda wazimu.

Siku moja tulikuwa na mteja, mtu wa mashamba makubwa, anaenda kaskazini karibu na mpaka, ashuke saa nne, ndege irudi. Mimi nikampata mfanyabiashara wa ng'ombe, Msomali mmoja tulikuwa tunajuana naye hapa mjini, mzee wa heshima, alikuwa huko na bibi yake mgonjwa anataka kumleta hospitali Nairobi. Nikamuuzia kurudi. Nikampa mkono kwa simu. Nikamwambia, "Mzee, saa tano uko hewani." Nilijisifu mpaka kwa watu wa duka chini.

Saa tano yule mtu wa mashamba akapiga, akasema mkutano wake umevuta, ndege imngoje, atarudi nayo. Ilikuwa haki yake. Mkataba wake ulisema anaweza kungojewa mpaka saa kumi na moja. Nilikuwa nimeuza kiti ya mtu kabla mwenyewe aseme harudi nayo. Huo uwanja hauna taa, na yeye alitoka mkutano jua likiwa limebaki kidole, kwa hivyo ndege haingeweza kurudi mara ya pili. Viti tatu alikuwa amewapa watu wake, na ingine aliweka mafaili, akakataa kukaa na mgonjwa. Yule mzee akabaki kwa lami na bibi yake amemlaza kwa mkeka.

Nilimtusi huyo mteja kwa simu. Mbaya. Madam akachukua simu kwa mkono yangu, akaomba msamaha, akakata. Halafu akapigia yule mzee.

"Mzee wangu, ni mimi mwenye ndege. Kosa ni letu."

Nilisikia sauti ya mzee, pole pole. "Mama, kijana alinipa neno lake."

"Ndio. Na neno lake ni langu."

Kesho yake alfajiri ndege ilitoka Nairobi tupu, ikaenda kumchukua huyo mama, ikamleta. Madam hakuchaji kitu. Bibi ya mzee alipona, anauza kwa duka lake mpaka leo. Mimi nilingoja kufutwa. Jioni akaniita. Akaniwekea kikombe. Akasema, "Hiyo safari ya asubuhi, mafuta ni yangu, kutua ni yangu. Lakini pesa ya injini ya hayo masaa utaiweka wewe. Kidogo kidogo kwa mshahara yako. Sio juu nimekasirika. Ni juu masaa yamehesabika kwa injini, na injini haijui kama tulisaidia mtu ama tulienda harusi."

Ilinichukua mwaka na nusu. Na hata siku moja sikulalamika, na unajua mimi nalalamika.

Watu wake wa ukoo hawakumwelewa. Kakake alikufia Mombasa, ukoo wote ukakaa kwa boma kule Masinga ukingoja mwili uje na jeti. Wazee walikuwa wamesema hivyo, watu wamealikwa waje waone. Madam akakodisha gari nzuri ya maiti na mabasi mawili, akalipa jeneza, akalipa chakula, muthokoi na nyama ya kutosha kijiji. Jeti ikabaki hanga. Shangazi yake mmoja alimwambia mbele yetu sote, "Asi! Wageni unabeba, ndugu yako unapeleka na barabara?"

Akajibu, "Mwaitu, mama yangu, hiyo ndege nikiifanya ya ukoo leo, kesho itabebea ukoo wote matanga mpaka ianguke."

Shangazi akatema mate kando. Miaka miwili hawakuongea. Nilitaka kujibu, Madam akanivuta koti. Usiku huo, akiwa kwa gari, nilimwona analia bila sauti, analia tu huku anaangalia barabara. Kwa hivyo usiniambie hakuwa na roho.

Sasa kuja kwa ile mwaka mbaya. Uchaguzi ulikuwa umeisha, wale wa kukodisha kwa kampeni wakapotea. Mafuta ikapanda. Dola ikapanda mpaka Madam akawacha kuiangalia. Na huko Syokimau kukatokea jamaa mmoja kijana, amevaa vizuri, na jeti kama yetu, na bei ya chini kuliko yetu. Chini sana. Nilikaa na simu siku tatu nikitafuta vile anafanya hiyo bei. Mafuta ni ile ile. Kutua ni ile ile. Bima ni ile ile. Nikatoa kila kitu, ikabaki kitu moja tu angeweza kuwa anaacha. Nikampelekea Madam hiyo karatasi. Akaiangalia kidogo, akasema, "Nilijua," akaendelea kumenya chungwa.

Wateja walihama mmoja mmoja. Yule mtu wa mashamba alikuwa wa kwanza. Mwezi moja ndege iliruka mara nne, mwezi mwingine mara mbili. Mishahara ikachelewa mwezi, ikachelewa ya pili. Tukaitwa ofisini, Kapteni, rubani mwenzake na mimi.

Nilikuwa na bibi ako na mimba. Sikuenda pale kusikiza.

"Madam, pesa iko," nikasema.

"Haiko."

"Iko! Mimi ndio napeleka kila safari ikiisha. Naijua mpaka senti. Imekaa tu."

"Hiyo sio pesa. Hiyo ni injini."

"Injini iko kwa ndege! Sisi ndio tuko hapa na njaa!"

Nikapiga kiti teke. Kikaruka kikagonga kabati, glasi ikamwagika. Kapteni akasema, "Bro, tulia," lakini yeye mwenyewe hakuniangalia, juu na yeye alikuwa na karo ya watoto watatu. Akageukia Madam, akaongea kwa heshima: "Madam, tuazime tu. Kazi ikirudi tunarudisha."

Nilimwona Madam akiangalia mlango, halafu dirisha, kama mtu anatafuta mahali atatokea. Akaniambia, "Umemaliza? Okota kiti." Nikaokota. Akasema tumpe mpaka Ijumaa.

Ijumaa pesa ilikuja, yote, miezi yote miwili. Jumatatu alikuja kazini na boda. Gari yake, pikapu ya bluu, alikuwa ameuza ndio atulipe. Mama wa jeti amekalia boda na helmeti imemfika mabega, na watu wa stendi wanapiga mluzi: "Madam, leo ndege ni ya tairi mbili?" Akawasalimia wote kwa majina. Mimi nilishuka chini kutafuta mwenye alipiga mluzi. Akaniita nirudi.

Miezi mitatu baadaye aliuza ndege. Watu walikuja kutoka nje na fundi wao, wakakaa kwa hanga siku mbili na tochi, wakifungua na kusoma vitabu vyake ukurasa kwa ukurasa. Yule fundi wao akaniuliza, "Na akiba ya injini?" Nikamwonyesha. Akamwita mkubwa wake aone. Hawakupigania bei. Benki ikalipwa, sisi tukalipwa mpaka siku ya mwisho na juu yake, na yeye akabaki na kitu ya kununua mbuzi. Alifunga mlango, akashukuru watu wa duka, akaenda.

Basi hiyo ndiyo mnaita kushindwa.

Nilienda kumwona mwezi uliopita. Ako Mitaboni, kwa shamba ya mamake, matuta yamepangwa vizuri mpaka mtoni. Nilimpata kwa kahawa na wanawake wengine watatu, kikapu kiunoni, raba nyeupe miguuni. Akanipa kikapu kabla anisalimie.

Tulichuma kidogo. Halafu nikamwambia kile kilinileta. Yule jamaa wa Syokimau alikuwa amenipigia. Anataka mtu wa kupanga safari, na mshahara ni mara mbili ya ile Madam alikuwa ananipa. Mtoto wangu ameanza shule. Mimi saa hii natengeneza simu kwa kibanda.

Hakusema niende, hakusema nisiende. Akasema, "Nikuambie kitu sijaambia mtu. Ile wiki ulipiga kiti teke, nilienda benki."

"Kutoa pesa ya gari?"

"Kutoa pesa ya injini. Nilijaza fomu. Nikapiga sahihi. Nikapanga laini mpaka dirishani." Akachuma tawi lote kabla aendelee. "Msichana akaniuliza, ni kawaida yao pesa ikiwa nyingi, 'Mama, hii ni ya nini?' Nikafungua mdomo. Mwana wakwa, mwanangu, nilishindwa kusema. Sikuwa na jibu naweza sema kwa sauti watu wakisikia. Nikachukua fomu yangu nikatoka. Lakini kama hangeuliza, ningetoa. Ujue hivyo. Usinifanye malaika."

Wale wanawake wengine walikuwa wanachuma haraka, wanajifanya hawasikii.

"Sasa huyo kijana," akasema, "njaa yako mimi siijui. Lakini muulize tu vile huyo msichana aliniuliza."

Nikapiga simu hapo hapo, nikaweka sauti ya juu. Jamaa akashika haraka. "Niaje kaka! Unaanza lini?"

"Kabla nianze. Pesa ya injini unaweka wapi?"

Akacheka. Sio kicheko mbaya, kicheko ya mtu mzuri. "Aai, wewe umefunzwa na yule mathe. Kaka, hiyo ni pesa imelala bure. Injini ikianza kusumbua tutajipanga. Si inaruka? Leo nimebeba familia nzima, watoto wanne, wanaenda Pwani likizo. Wameshuka wanaimba."

Madam hakuacha kuchuma. Aliangalia kikapu yangu, akatoa kahawa mbili za kijani nilikuwa nimechuma bila kuangalia, akazitupa. Nikamwambia jamaa asante, nikakata.

Bado natengeneza simu. Na jamaa bado anaruka, hiyo nakubali, hajawahi pata shida hata moja, na bei yake bado ni ya chini. Lakini wewe umekaa hapo unacheka Madam: siku ukipata pesa ya likizo, watoto wako utawapandisha ndege ya nani?